Sura Hurithiwa, Imani Hairithiwi

Liko neno lililozoeleka sana katika mabaraza yetu huku pwani, toka Pangani hata Kipumbwi na Mkwaja, nasi tumechoka kulisikia. Mtu apatapo mtoto, majirani huja kumtazama, nao husema, "Huyu ni baba mtupu," au, "Macho haya ni ya mama." Hapo hapana ubaya, ni furaha, na Mungu mwenyewe ndiye aliyeiweka. Ubaya ni lile lifuatalo, baba asemapo kwa kujisifu, "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Sisi ni Wakristo, basi naye ni Mkristo." Akiisha kusema hivyo humpeleka ubatizoni, hupikisha pilau, na kazi yake imekwisha.

Sisi nasi tuna binti wa miaka minne, nasi twaujua utamu wa kujiona katika mtoto. Akikasirika huukunja uso upande mmoja, kama tuukunjavyo sisi. Akiulizwa asilolipenda hujibu kwa swali, na mama yake hucheka akisema kwamba mwalimu amezaliwa mara ya pili. Hakuna aliyemfundisha kukunja uso. Lakini ishara ya msalaba hakuzaliwa nayo. Aliishika baada ya kumtazama mama yake miezi mingi, na kwanza aliifanya kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa hukaa mbele yake wakati wa sala, akamwiga kama mtu aigavyo kioo. Kosa lile lilituonyesha wazi njia iliyoingilia dini: iliingia machoni.

Mambo ya damu yana sheria zake. Mtawa mmoja, Gregor Mendel, alipanda njegere miaka mingi katika bustani ya monasteri yake katika mji wa Brno, Ulaya ya kati, akahesabu zipi zilitoa maua meupe na zipi ya zambarau, na mwaka 1866 alichapisha aliyoyaona. Kwa kazi ile wataalamu walikuja kufahamu jinsi rangi na umbo zinavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Pua yapita kwa njia hiyo, na kimo, na rangi ya ngozi. Kanuni ya Imani haimo.

Wala si Mendel tu. Kitabu cha Mwanzo chatuambia ya kuwa Adamu alimzaa Sethi kwa sura yake. Hakituambii ya kuwa alimzaa kwa imani yake. Samweli alikuwa nabii tangu utoto wake, walakini wanawe Yoeli na Abiya walikula rushwa hata wazee wa Israeli wakaja kumlalamikia. Je, hawakuwa na uso wa baba yao? Labda walikuwa nao sana.

Tena tutazame Kanisa la pwani hii lilivyoanza. Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa upadre mwaka 1890. Ni nani aliyewatazama watoto wale usoni akasema, "Huyu ni wetu, Mkristo mwana wa Mkristo"? Hata baba na mama walikuwa wamenyang'anywa. Imani waliipata kwa kuwaona watu wakiiishi mbele yao kila siku, asubuhi na jioni, nao wakaitwaa. Na wajukuu wa watu kama hao, waliozaliwa katika nyumba zenye msalaba ukutani, leo tunao shuleni ambao hawajui kwa nini Ijumaa Kuu huitwa Kuu.

Atakayesema kwamba mtoto hujifunza kwa kuambiwa, na atazame simu. Mtoto wa miaka miwili hujua kupitisha kidole juu ya kioo chake na kuitafuta picha aitakayo. Ni nani aliyemketisha chini akamfundisha? Hakuna. Alimwona baba yake jioni baada ya jioni ameinama juu yake, kimya, kwa moyo wote, hata chakula kikapoa, akafahamu kwamba hicho ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote katika nyumba ile. Wahenga walisema kwamba mtoto akibebwa hutazama kisogo cha nina. Hakusikilizi wewe, anakitazama kisogo chako, kimeelekea wapi.

Huku kwetu yuko mnyama atufaaye kwa mfano. Katika ufuko wa Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005, kasa hupanda kutoka baharini usiku, huchimba mchanga, hutaga mayai yapatayo mia, huyafukia, huenda zake. Baada ya siku sitini hivi watoto huanguliwa, nao hukimbilia maji peke yao. Mama yao hawakumwona wala hawatamwona. Na majike wale wachache wanaopona hurejea, baada ya miaka mingi, kutaga katika pwani zile walikoanguliwa. Kasa hana haja ya mwalimu wa Katekisimu. Njia yake amezaliwa nayo. Basi wazazi wengi Wakristo wamejifanya kasa. Humfukia mtoto katika shule ya Jumapili wakarudi baharini kwao, kwenye shughuli na starehe, wakitumaini kwamba siku moja ataibuka mwenyewe na kuielekea altare. Kumbukeni ya kwamba watoto wa kasa wengi huliwa na kaa na ndege kabla ya kugusa maji.

Nasi huku Mkwaja tu Wakristo wachache kati ya jirani Waislamu, na ni vizuri kusema kweli: katika jambo hili wao watuaibisha. Mtoto wao humwona babaye ameamka alfajiri, giza bado, akitia udhu kwa maji baridi. Humwona mamaye amefunga mwezi mzima na bado anapika. Alasiri huenda chuoni, na arudipo huulizwa amesoma nini. Sisi twapiga kengele mara moja kwa juma, kisha twaulizana kwa nini watoto wetu dini yao ni nyepesi kama kapi!

Ila kwa mtoto wa kike ndipo uvivu huu ulipojipatia udhuru. Husemwa, "Wa kike hana dini, dini yake ni ya mumewe." Pwani hii watu wa dini mbili hukaa ua kwa ua, huoana na kuzikana, na neno hilo limekuwa kama sheria. Kwa hiyo wa kiume hufundishwa, kwa kuwa atasimama na jina la ukoo; wa kike hutumwa kuteka maji saa ya mafundisho, kwa kuwa ni mali ya watu. Ajabu ya baba huyu! Jana alijisifu barazani kwamba uso wa binti ni wake. Leo roho ya binti yule yule ameitoa kwa mtu asiyemjua hata jina.

Mtume Paulo alipomkumbusha Timotheo imani yake, hakumtaja baba. Baba alikuwa Myunani. Alimtaja bibi yake Loisi, akamtaja mama yake Eunike. Tazameni vema: Eunike aliolewa na mtu asiye wa dini yake, tena katika mji wa ugenini, na imani haikuzimika nyumbani mwake, kwa sababu kabla ya kuolewa alikuwa na mama aliyeiweka ndani yake. Mwanawe ndiye aliyeachiwa kulichunga kanisa la Efeso. Kama Loisi angalimwambia binti yake kwamba wa kike hana dini, Timotheo angaliipata wapi?

Na fimbo je? Mzazi huona katika mtoto hasira yake mwenyewe, na ukaidi wake mwenyewe, akaudhika kupita anavyoudhika kwa mtoto wa jirani. Maana ni nani apendaye kilema chake kitembezwe kijijini kwa miguu midogo? Ndipo hutwaa fimbo akasema anamtoa shetani. Anaupiga uso wake mwenyewe, uliowekwa juu ya mwili usioweza kujitetea. Shuleni kanuni za mwaka 2002 zimeweka viboko visizidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Nyumbani hakuna anayehesabu. Hatusemi mtoto asikanywe. Twasema kwamba binti apigwaye kwa hasira ili aache hasira amefundishwa hasira mara mbili, kwa damu na kwa macho. Mwenye kumkanya na aonekane kwanza akiizuia yake. Aonekane, ndiyo, hata akiomba msamaha kwa mkewe mbele ya watoto. Wengine watatucheka kwa neno hili. Na wacheke.

Twajua kwamba wako watakaotukasirikia, hasa wale wenye pilau. Watasema kwamba mwalimu ameacha ubao na kuingia jikoni mwa watu. Mwenye jibu na aliandike, tutalisoma kwa heshima, ila asituletee tena habari ya nyoka. Na kabla hajashika kalamu, amwite mtoto wake jioni hii, asiwepo mtu wa kumnong'oneza, amwulize swali moja tu: "Baba husali saa ngapi?" Jibu la mtoto aliandike juu kabisa ya barua yake.