Nguvu ya Ndege i Ardhini

Wako watu ambao, wakitaka kupima nguvu za jeshi la anga la nchi fulani, huhesabu ndege zake, na wakisha kuzihesabu hudhani kazi imekwisha. Wengi waliihesabia Misri namna hiyo kabla ya tarehe 5 Juni, 1967. Asubuhi ya siku hiyo ndege za Israeli zilivishambulia viwanja vya Misri. Zikatoboa njia za kurukia kwa mabomu yaliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, kisha zikazichoma ndege zilizokwama pale zilipopangwa. Jua lilipokuchwa, Misri ilikuwa imepoteza ndege zipatazo 300, na nyingi katika hizo hazikupata kuinua magurudumu. Marubani wengi walikuwa hai, lakini hawakuwa na cha kurusha.

Funzo hilo lilisomwa kwa makini katika nchi ambayo wananchi wetu waijua zaidi kwa Kituo cha Elimu cha Kibaha, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na nchi za kaskazini ya Ulaya, kuliko kwa silaha zake. Nchi hiyo ni Uswidi. Waswidi walikuwa wamekwisha kuanza kazi kabla ya vita vile, kwa hofu ya bomu la atomiki: ikiwa bomu moja laweza kufuta kiwanja kizima, basi hapana busara kuweka ndege zote katika kiwanja kimoja. Mpango wao wa kwanza, ulioitwa Bas 60, ulizitawanya ndege nchi nzima katika viwanja vya vita, na ukatenga vipande vya barabara kuu vipanuliwe na kuimarishwa, ili njia ya malori na mabasi iweze siku ya hatari kuwa njia ya kurukia. Baada ya kuona yaliyoipata Misri, wakatunga mpango wa pili, Bas 90. Huo ulizidi kutawanya: kandokando ya kiwanja kikuu zikajengwa njia fupi za mita 800 tu kwa upana wa mita 17, zikaunganishwa kwa barabara, na ndege zikapewa mahali pa kujificha msituni, kila moja mbali na mwenzake. Adui aliyetaka kuizima ndege moja ilimpasa kwanza aitafute.

Twapenda msomaji atazame jambo moja hapa, kwa kuwa lamhusu mfanyakazi kuliko rubani. Si ndege iliyoamua kiwanja kiweje. Kiwanja ndicho kilichoiamuru ndege. Ndege iitwayo Viggen, iliyoingia kazini mwaka 1971, ilipewa mtambo wa kurudisha nyuma nguvu ya injini ili isimame upesi katika njia fupi, na hata mkia wake uliweza kukunjwa ili iingie katika mabanda yaliyochimbwa ndani ya miamba. Banda mojawapo, lililoko Säve karibu na Göteborg, leo ni makumbusho. Ndege iliyofuata, Gripen, ilisanifiwa ili fundi mmoja na vijana watano walioitwa jeshini kwa mujibu wa sheria waweze kuijaza mafuta na makombora kando ya barabara na kuirudisha angani kupambana na ndege nyingine, yote hayo katika muda usiofika dakika 10. Vijana hao hawakuwa mabingwa. Wengi walikuwa watoto wa wakulima na wafanyakazi wa viwandani, waliofundishwa kazi moja mpaka wakaijua gizani na katika theluji. Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa jeshi la anga.

Yote hayo Uswidi ilisema yafanywa ili isimame peke yake, isifungamane na upande wowote. Maneno hayo hayakuwa kweli tupu. Mwaka 1994 tume ya serikali yenyewe ilieleza kwamba kati ya mwaka 1949 na 1969 yalifanywa maandalizi ya siri ya kupokea msaada wa kijeshi kutoka nchi za Magharibi. Wananchi waliolipa kodi ya viwanja hivyo hawakuambiwa. Hata hivyo, njia zilizojengwa zilikuwa zao, na walioziendesha walikuwa vijana wao.

Vita baridi vilipokwisha, wakubwa wakaona kwamba adui ametoweka. Kikosi cha Ängelholm kikafungwa mwaka 2002, cha Uppsala mwaka 2003, cha Östersund mwaka 2005. Mfumo wa Bas 90 ukavunjwa, na mwaka 2010 wito wa vijana jeshini ukasitishwa. Hatuwalaumu kwa kupunguza ndege, maana fedha ina kazi nyingine, na shule ni ngome pia. Lakini kulinda kipande cha lami msituni ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya ndege moja ya vita, nao walivunja kilicho rahisi kukitunza na kigumu kukirudisha. Lami humwagwa kwa miezi michache. Fundi ajuaye kuhudumia ndege porini hujengwa kwa miaka.

Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa makombora juu ya viwanja vya ndege, ndege nyingi za Ukraine zilinusurika kwa kuwa zilikuwa zimehamishwa na kutawanywa. Uswidi haikuhitaji kuelezwa maana yake. Ilikuwa imekwisha kurudisha wito wa vijana mwaka 2017 na kufufua kikosi cha Uppsala mwaka 2021. Sasa Gripen zatua tena barabarani katika mazoezi. Vijana waliozihudumia ndege msituni miaka ya 1980 ni wazee leo.

Tarehe 7 Machi, 2024 nchi hiyo iliingia katika umoja wa kijeshi wa NATO. Hatusemi kwamba iliingia kwa sababu ya viwanja ilivyovifunga. Vita vya Ukraine vilitosha kuitia hofu. Lakini tazameni kilichofuata. Desemba 2023, kabla hata ya kuingia, serikali yake ilitia saini mkataba na Marekani unaoruhusu majeshi ya Marekani kutumia maeneo 17 ya kijeshi, viwanja vya ndege vikiwamo, na Bunge likauidhinisha Juni 2024. Waliopinga walitaka iandikwe waziwazi kwamba silaha za nyuklia hazitaletwa katika ardhi ya Uswidi. Serikali ilijibu kwamba mkataba waheshimu mamlaka ya nchi, na kwamba hapana haja ya kuandika zaidi. Sentensi hiyo haimo katika mkataba.