Mgeni wa Siku Moja na Kivuli cha Sagalla

Kila mwaka kaskazi inapoanza kuvuma, sisi wakazi wa Mombasa huziona tena zile meli kubwa nyeupe zikiingia Kilindini. Hizi si meli za shehena. Ni majumba ya ghorofa yanayoelea, na abiria wake walio wengi ni watu wazima sana: wastaafu wa Ulaya na Marekani waliokwisha kulea watoto na kumaliza utumishi wao, na ambao sasa wataka kuiona dunia kabla miguu haijakataa. Meli huingia asubuhi, na aghalabu jioni yake au kesho yake hung'oa nanga. Basi mzee huyu ana siku moja tu ya kukanyaga nchi yetu.

Katika makala haya nataka, ndugu msomaji, tuitazame siku hiyo moja. Yatumiwaje? Yamfaa nani? Na je, sisi wenyewe tumepata kujipa siku kama hiyo?

Mpwa wangu ni dereva wa magari ya watalii. Msimu mmoja alipewa wageni sita wa melini awapeleke Mbuga ya Tsavo Mashariki na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kiasi cha kilomita 150. Kwenda na kurudi ni 300, bila ya kuhesabu mizunguko ya mbugani. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja mwenye mkongojo. Walipokwisha kupita Maungu, bibi yule alinyosha kidole upande wa kushoto, akauliza kile kilima kirefu chaitwaje. Akaambiwa Sagalla. Akauliza tena kama wangeweza kusimama kidogo, wakae chini ya mti wakitazame. Mpwa wangu alimjibu kwa adabu kwamba ratiba haina nafasi. Jioni wakati wa kurudi, watano kati ya wale sita walikuwa wamelala usingizi wa uchovu. Bibi peke yake alikuwa macho, akikitazama kilima mpaka kikamezwa na giza.

Kisa hicho kilinikaa moyoni, maana mimi nami ni mstaafu, na magoti yangu nayajua. Nikajiuliza: hivi bibi yule alikuwa anaomba jambo kubwa?

NDARA YA MISAFARA

Ama kwa hakika aliomba jambo la kale sana. Kilima hicho katika habari za misafara hujulikana kwa jina la Ndara. Waswahili waliotoka Mombasa na Rabai kwenda Kilimanjaro na Umasaini walipaswa kuivuka nyika ya Taru, nchi kavu yenye miiba isiyo na mto. Mtu aliyepita huko kwa miguu, mzigo kichwani na kibuyu kitupu kiunoni, hakuwa na fikira nyingine ila maji. Alibahatisha kidogo Maungu, na akifika Ndara alitua mzigo akapumzika, akanunua chakula kwa wenyeji, akaendelea akiwa mzima. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipopita huko na wapagazi wake akielekea nchi ya Wamasai, alifuata njia ambayo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuikanyaga miaka mingi kabla yake. Mwaka huo huo mmisionari J. A. Wray alifungua kituo chake Sagalla.

Kabla ya karne ile kwisha reli ilifika Voi, na haja ya kupumzika Ndara ikaisha. Mwaka 1948 Tsavo ikatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Mwaka 2017 ikaja reli ya kisasa, inayopita juu ya tuta lililoinuka kama ukuta. Kila chombo kilichokuja kilikuwa na mbio kuliko kilichotangulia, na Sagalla ikawa kitu cha kutazamwa dirishani. Wenyeji wake, ambao ni ndugu wa Wadawida na Wakasigau katika jamii ya Wataita, lakini wenye lugha yao wenyewe ya Kisagalla, wakabaki wanapungia mkono magari yasiyosimama.

TULIKWENDA KUKETI

Hivi karibuni nilikusanya wenzangu, wastaafu saba pamoja nami, wanaume wanne na wanawake watatu, tukapanda Miritini ile treni ya asubuhi inayosimama vituoni. Mdogo wetu ana miaka 63. Kabla ya adhuhuri tulikuwa Voi. Hatukwenda mbugani. Tulikodi matatu ikatufikisha Sagalla ya chini, kwa mzee mmoja niliyefanya naye kazi zamani. Alitoka kutupokea na kofia mkononi.

"Karibuni, wazee wenzangu," akasema. "Nimepanga niwatembeze mpaka juu kilimani."

Bi mkubwa wetu, ambaye ndiye mwenye miaka mingi kutushinda sote, alimshika mkono akamwambia: "Ndugu yangu, mimi sikuja kutembezwa. Nimekuja kuketi. Nipe kiti chenye mgongo na unionyeshe choo kiliko, mengine Mungu atajaalia."

Basi tuliketi. Vijana waliokuwa na nguvu walipanda kilimani kwa pikipiki wakatuletea habari. Mwenyeji wetu, kwa kutujua sisi ni Waislamu, alikuwa amenunua nyama kwa mchinjaji Mwislamu wa Voi mjini, na mkewe alitupikia kimanga, yaani muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Akina mama wa jirani walikuja na vikapu vyao vya mkonge, na wale wanawake watatu wa kwetu, waliozoea ukili tangu utotoni, wakaanza kulinganisha mkono wa Mtaita na mkono wa Mswahili katika kusuka. Mazungumzo hayo yalichukua zaidi ya saa mbili, na hakuna aliyetazama saa.

Baada ya chakula mzee alitupeleka hatua chache kuona shamba lake la mahindi na mizinga inayolizunguka. Jambo hili lastahili kuelezwa. Sagalla ya chini imepakana na Tsavo Mashariki, na ndovu hawajui mpaka. Usiku mmoja kundi lao laweza kumaliza chakula cha mwaka mzima cha nyumba moja. Wataalamu waligundua kwamba mnyama huyu mkubwa humwogopa nyuki, na Dakta Lucy King pamoja na shirika la Save the Elephants wakaja Sagalla kuufanyia kazi ugunduzi huo na wakulima wenyewe. Mizinga hutundikwa baina ya nguzo, kila baada ya mita kama kumi, na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga huyumba na nyuki hutoka kwa hasira. Uchunguzi wa miaka tisa uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wakati wa msimu wa mazao ua huo uliweza kuwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliolikaribia shamba. Lakini ukame mkubwa wa mwaka 2017 uliwafukuza nyuki, na mizinga mingi ikabaki mitupu kwa muda mrefu.

"Ndovu hatumchukii," mzee alituambia. "Lakini mgeni akija kumpiga picha hulipa. Mimi ninayemlisha, nani anilipaye?"

Juu kilimani kwenyewe yupo kiumbe mmoja ambaye mtalii wa siku moja hamsikii kabisa. Ni mnyama mfano wa nyungunyungu, wa jamii ya vyura, aliyeandikwa na wanasayansi mwaka 2005 na ambaye hajaonekana popote duniani isipokuwa kwenye udongo wa kilima cha Sagalla. Bi mkubwa aliposikia hayo alicheka sana. "Kumbe," akasema, "kilima hiki kina mpangaji asiyetaka safari kama mimi."

NANI HUFAIDIKA NA SIKU HII?

Swali la yule mzee ndilo kiini cha mambo. Fedha za mgeni wa melini hugawanyikaje? Sehemu hulipwa langoni mwa mbuga, sehemu huenda kwa mwenye gari na kwa wakala aliyepanga safari. Chakula cha mchana huliwa katika hoteli ya ndani au hutolewa kwenye kisanduku kilichotoka Mombasa. Kijiji kilichoko kati ya bandari na mbuga hupata vumbi. Ni kweli kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yatoa haki ya fidia kwa aliyeharibiwa mazao au kuuawa mtu wake, lakini malalamiko ya ucheleweshaji wa fidia hiyo ni wimbo ambao kila mkazi wa Taita Taveta anaujua.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Wale ndugu zetu Wataliano waliojaa Malindi na Watamu watatuambia kwamba hata kwao ni vivyo hivyo. Meli zinazotangaza Roma hazifiki Roma. Hutia nanga Civitavecchia, mji wa bandari ulio mbali kwa kilomita 70 na zaidi, na zinazotangaza Florence hutia nanga Livorno. Abiria husombwa kwa mabasi kwenda na kurudi. Lakini wako wazee wenye uzoefu wa safari ambao siku hizi hukataa basi. Hubaki pale pale bandarini au katika mji mdogo wa jirani, wakaketi kwenye uwanja, wakanywa kahawa na kuwatazama watu wakienda sokoni. Jioni hurudi melini wakiwa wamejua mji mmoja mdogo, badala ya kuuchungulia mmoja mkubwa.

Hali kadhalika Italia yatupa onyo. Mji wa Venice ulizidiwa na wageni hata serikali ikapiga marufuku meli kubwa kupita katikati yake kuanzia Agosti 2021, na mwaka 2024 wageni wa kutwa wakaanza kutozwa ada ya euro 5 katika siku zenye msongamano. Kwa hiyo nikisema Sagalla ipokee wageni sisemi ifunguliwe mabasi hamsini. Sagalla haina maji ya kutosha hata kwa watu wake. Nasema wageni wachache, kwa bei itakayopangwa na wenyeji wenyewe, na kwa mwaliko wao. Wakikataa, ni haki yao.

Na yatakiwayo si makubwa. Ni kivuli, viti vyenye mgongo, choo cha kukalia kwa asiyeweza kuchutama, maji ya udhu, na kijana wa pale pale ajuaye hadithi za kilima chake. Hoteli ya nyota tano haihitajiki kwa mtu aliyekuja kuketi.

WAANZE WAZEE WETU

Hapa nina jambo la kuwaambia wasomaji wa pwani. Tumezoea kuamini kwamba mtalii ni Mzungu na kwamba sisi kazi yetu ni kumpokea. Lakini mgeni wa melini ni mgeni wa bahari tulivu. Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit ilishambuliwa na maharamia karibu na Somalia ikija Mombasa, ikageuza ikakimbilia Shelisheli, na kwa miaka mingi baadaye meli zikawa adimu. Mwaka 2020 maradhi ya korona yaliifunga dunia. Tangu mwisho wa mwaka 2023 mashambulizi katika Bahari ya Sham yamezifanya meli nyingi kuizunguka Afrika nzima. Mwenye kutegemea meli hutegemea upepo wa watu wengine.

Mzee wa Mombasa, Kilifi au Lamu hana habari na hayo. Reli ipo, na Voi ni safari ya asubuhi moja. Lakini wangapi kati yetu tumewahi kumpeleka mama mzazi popote pasipokuwa hospitali au matangani? Tunamtafutia nauli ya Makka, na hilo ni jambo tukufu kupita yote. Lakini hata siku moja ya kuvuta hewa ya mlimani kabla ya magoti kukataa ni ihsani.

Wakati wa kurudi tulipita barabarani, tukasimama Mackinnon Road kwenye msikiti wa Seyyid Baghali Shah, yule Mpunjabi mjenzi wa reli ambaye watu husimulia kwamba karai lake la mchanga lilielea juu ya kichwa chake. Wako wanaozuru kaburi lake na wako wasiopenda ziara. Sisi tulikuwamo wa pande zote mbili na hatukugombana. Tulitawadha kwa maji baridi, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kufupisha kama sheria ilivyomruhusu msafiri, tukakaa barazani. Madereva wa malori, abiria wa mabasi, Waislamu na wasio Waislamu, wote walikuwa wakisimama hapo. Nikakumbuka kwamba desturi ya kumpumzisha msafiri katika njia hii haijafa. Imebaki mahali pamoja tu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni apitaye mbio. Mpwa wangu nimekwisha mwambia: akitokea tena bibi mwenye mkongojo akauliza habari za kile kilima, asimamishe gari. Na Bi mkubwa wetu amekwisha kuniuliza mara mbili ni lini tutarudi, kwa kuwa kile kikapu alichoanza kufundishwa hakijafika ukingoni.