Mshahara usipolipwa, usikae tu ukingojea

Huenda nawe umewahi kuambiwa maneno haya: "Ngoja kidogo, mambo yatakuwa sawa." Tarehe 30 imepita, tarehe 5 nayo imepita, na mwenye nyumba anabisha mlango asubuhi kabla hujavaa viatu. Ukienda kwa karani wa malipo anakutuma kwa meneja. Meneja anasema hundi inangoja sahihi ya mkubwa, na mkubwa yuko safarini. Mwezi wa pili unaingia, unapewa Sh2,000 "za kushikilia", unashukuru kana kwamba umefanyiwa hisani, kisha unarudi kazini.

Leo nataka tuzungumze juu ya hiyo miezi miwili mitatu ya kungoja, kwa maana hapo ndipo jasho la watu wengi hupotelea. Wafanyakazi hudhani kinachowashinda ni ukali wa tajiri au werevu wa wakili wake. Mara nyingi sivyo. Wanashindwa kwa kuwa siku wanapofika mbele ya afisa wa leba hawana hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba walifanya kazi, kwa mshahara gani, na kwamba waliudai. Tumelelewa tukiambiwa subira huvuta heri. Katika deni la mshahara, subira isiyoandikwa mahali popote humfaa tajiri peke yake.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa kutwa alipwe jioni ya siku hiyo hiyo, na aliyeajiriwa kwa mwezi alipwe mwezi unapokwisha. Haisemi "wateja wakishalipa" wala "mkopo wa benki ukitoka." Biashara ikienda vibaya, hilo ni tatizo la mwenye biashara, wewe hukuwa mshirika wake ilipokuwa ikienda vizuri. Mwajiri anayekosa kulipa mshahara ambao mtu amekwisha kuufanyia kazi ametenda kosa la jinai, na akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000 au kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Waajiri wengi hawajui hivyo, na wanaojua hutumaini kwamba wewe hujui.

Kuna visingizio viwili ambavyo husikika sana. Cha kwanza ni kwamba uliharibu kitu: umevunja vyombo hotelini, umepoteza mzigo, hesabu ya duka haikutimia. Ni kweli sheria inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali uliyoiharibu kwa makusudi, au kwa upungufu wa fedha ikiwa kazi yako kwa mujibu wa mkataba ni kushika fedha na umezembea au umeiba. Lakini makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kwa hivyo mtu hawezi kukwambia kwamba sufuria imemeza mwezi mzima. Kisingizio cha pili ni kwamba ulifukuzwa kwa kosa, basi huna chako. Huo ni uongo. Hata aliyefutwa papo hapo kwa kosa la haki anastahili kulipwa kila kitu alichokuwa amekipata hadi siku aliyotoka.

Basi ufanye nini? Siku ya malipo ikipita, mwulize mwajiri kwa adabu, ana kwa ana. Huenda kuna hitilafu ya kweli, na hakuna haja ya kuanza vita kwa jambo la siku mbili. Lakini wiki moja ikipita, andika. Si lazima iwe barua ya wakili. Ujumbe wa simu unatosha. Unaweza kuandika hivi:

"Bw Meneja, salamu. Naomba kukukumbusha kwamba sijapokea mshahara wangu wa Machi na Aprili, jumla Sh36,000. Tarehe 12 Aprili nilipokea Sh2,000. Naomba unijulishe siku nitakayolipwa Sh34,000 zilizosalia. Asante."

Soma tena ujumbe huo. Hauna matusi, hauna vitisho, hauna habari za watoto kulala njaa, ingawa hilo laweza kuwa kweli. Una miezi, una kiasi, una tarehe. Sasa mwajiri akijibu, "Vumilia, nitakulipa Ijumaa," amekubali kwa mkono wake mwenyewe kwamba unamdai. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hii ya kwenye simu ina saa na tarehe. Usiufute ujumbe huo hata simu ikijaa picha. Upige picha umtumie ndugu unayemwamini, maana simu huibwa.

Kusanya na mengine pia. Barua ya kazi kama unayo, hati za malipo, kitambulisho cha kampuni, picha ukiwa na sare, nakala ya daftari la mahudhurio. Arifa za M-Pesa za miezi uliyolipwa ni ushahidi mzuri mno, hasa kwa yaya, mtunza bustani na muuza duka ambao hawajawahi kuona barua ya kuajiriwa. Taarifa ya NSSF nayo humtaja mwajiri, na inafaa kuichungulia mapema kwa sababu wapo wanaokata fedha na wasizipeleke. Na usikate tamaa kwa kuwa huna mkataba wa maandishi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inapasa kuandikiwa mkataba, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Mkifika mahakamani naye akashindwa kuutoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwangukia yeye.

Jambo dogo ambalo limewakwamisha wengi: mjue mwajiri wako kwa jina lake halisi. Jina lililo kwenye kibao cha mkahawa huenda si jina la kampuni inayoumiliki. Kule kwenye mjengo ndiko hasara iliko, kwa sababu msimamizi aliyekuchukua langoni asubuhi huenda ni mtu wa kontrakta mdogo, aliyepewa kazi na kontrakta mkubwa, aliyepewa kazi na mwenye ploti. Uliza siku ya kwanza, wakati bado watu wanacheka nawe. Ofisi ya Usajili wa Biashara hutoa habari za kampuni iliyosajiliwa kupitia eCitizen.

Kuna mambo mawili ambayo nakusihi usiyafanye. Usichukue mali ya tajiri ukisema utairudisha akikulipa. Nimesikia za mafundi waliobeba cherehani na madereva waliokaa na funguo za gari. Asubuhi yake mdai amegeuka mshtakiwa, na wa kumpelekea chai kituoni ni mkewe. Pili, usipotee tu. Ukiacha kwenda kazini bila neno, mwajiri ataandika kwamba ulitoroka, na atadai fedha za notisi kutoka kwako. Ikiwa huwezi tena kuendelea, toa barua yenye tarehe, useme waziwazi kwamba unaondoka kwa sababu hujalipwa miezi kadha wa kadha, na ubaki na nakala.

Ujumbe usipojibiwa, au Ijumaa tatu za ahadi zikapita, nenda katika ofisi ya leba ya eneo unalofanyia kazi. Huduma ni bure. Beba kitambulisho chako na zile karatasi, na uandike nyumbani kwako hesabu ya unachodai mwezi kwa mwezi, kwa sababu ukifika pale mbele ya dawati utababaika. Afisa atachukua maelezo yako, atapiga hesabu yake, kisha atamwandikia mwajiri alipe au afike siku fulani kujieleza. Wengi hulipa hapo, na wengine hukubaliana kulipa kwa awamu. Mkikubaliana hivyo, yaandikwe mbele ya afisa, na usitie sahihi penye maneno kwamba umelipwa kila kitu kabla hujahesabu noti ya mwisho.

Najua unachoogopa. "Nikienda leba nitafutwa." Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa maana waajiri wenye roho hiyo wapo. Lakini sheria inasema kwamba kumshtaki mwajiri wako si sababu halali ya kukuachisha kazi, isipokuwa malalamiko yenyewe yawe ya kipuuzi yasiyo na msingi. Ukifutwa kwa hilo unaweza kulalamika kwa afisa wa leba juu ya kufutwa kwenyewe, ila uende katika muda wa miezi 3. Na kama mko wengi msiolipwa, nendeni wengi. Mkiwa na chama, chama kiende mbele: wa hotelini na wa majumbani wana KUDHEIHA, wa mashambani nao wana chao. Chama hupata kusikizwa kwa simu moja pale mtu mmoja alipozungushwa mwezi mzima.

Leba ikishindikana kuna korti. Tangu tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali la 2018, mahakimu wa ngazi ya juu wanaweza kusikiza kesi za kazi za watu ambao mshahara wao hauzidi Sh80,000 kwa mwezi, kwa hivyo aliye Garsen au Kitale hana sababu ya kudhani lazima afunge safari ya Nairobi. Wa mishahara mikubwa zaidi huenda Mahakama ya Leba na Uajiri. Unaweza kujisimamia bila wakili, na asiye na uwezo aulize msaada kwa Kituo cha Sheria, ambacho kimekuwa kikiwatetea maskini tangu 1973, au kwa shirika la serikali la msaada wa kisheria lililoundwa chini ya sheria ya 2016. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Usiutumie wote. Kampuni hufungwa, mameneja huhama, mashahidi hurudi kwao mashambani. Kampuni ikifilisika, mishahara ya karibuni hupewa nafasi mbele ya wadai wengi wa kawaida, lakini ni lazima jina lako liwe limefika kwa msimamizi wa ufilisi, na deni lako liwe lina karatasi.

Sasa, msomaji wangu, nikugeuzie uso kidogo. Wengi wanaosoma ukurasa huu ni waajiri, ingawa hawajiiti hivyo. Yule msichana aliyepika chai unayokunywa sasa, umemlipa? Mwajiri wako akikuchelewesha unalalamika hadi kwenye matatu, na ukifika nyumbani unamwambia yeye yale yale: ngoja kidogo. Tofauti ni kwamba wewe una jamaa mjini wa kukukopesha. Sheria haikutofautishi na kiwanda. Yaya ni mfanyakazi kamili, na kuanzia Novemba 2024 kiwango cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa kiliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Nguo za mitumba ulizompa si mshahara. Chakula alichokula kwako si sababu ya kumnyima.

Halafu kuna desturi ya kumtumia mamake fedha zote kijijini bila yeye kuulizwa. Mshahara ni wa aliyeufanyia kazi. Unaweza kumpa mwingine ikiwa mwenyewe ameruhusu kwa maandishi, basi. Wasichana wengine wamekaa mwaka mzima jijini bila kushika hata noti ya Sh500 iliyo yao, na siku ya kutaka kuondoka wanaambiwa muulizeni mzazi.

Ikiwa kweli huna, kwa kuwa nawe hujalipwa, mwite mkae mezani. Mwambie ukweli, umpe kilichopo, na mwandike katika daftari: leo tarehe fulani, amepokea kiasi fulani, anadai kiasi fulani, atalipwa tarehe fulani. Nyote mtie sahihi. Kama hajui kusoma, amwite anayemwamini amsomee kabla hajaweka kidole. Ukurasa mmoja ubaki kwako, na mwingine akae nao yeye, katika begi lake, si katika droo yako.