Payote si nyumba ya majani

Wanafunzi wa rika langu waliokulia Bunia wana mazungumzo wasiyoyachoka: payote za utoto wao. Mmoja atakutajia ile ya Nyakasanza ambako wazazi walimpeleka siku ya komunyo ya kwanza. Mwingine ataikumbuka ile ambako baba yake, akishapokea mshahara, aliwachukua wote Jumapili baada ya misa. Nyingi zimefungwa. Nyingine zimeezekwa mabati na kuwekewa televisheni kubwa ya mpira, na watoto hawapelekwi tena. Wenzangu wanazililia, na mimi ninazililia pamoja nao. Ila kilio hiki kinasikika upande mmoja tu, na sisi tunaosoma lugha tuna sababu ya pekee ya kulisema hilo.

Kwa msomaji asiyezijua: payote ilikuwa mkahawa wa familia uliojifanya kijiji. Ukipita lango la mabati, ulikuta vibanda vya duara visivyo na kuta, nguzo za miti isiyorandwa, na paa la majani lililoshuka chini hata mtu mzima akainama kuingia. Viti vilikuwa vya mianzi. Kibuyu, upinde na mtego wa samaki vilitundikwa kwenye nguzo. Ukutani fundi wa rangi alikuwa amechora okapi, na pembeni yake mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki tunayemjua sote. Sombe ilipikwa katika sufuria ya aluminiamu kama kwa kila mtu, kisha ikamiminwa katika chungu cha udongo kabla ya kuletwa mezani. Wazazi walikunywa bia. Sisi tulipewa sukre, chupa moja kila mtoto, tukazunguka nguzo tukicheza kijiji: huyu chifu, huyu mwindaji, huyu mama anayetwanga. Wengi wetu hatukuwahi kulala kijijini hata usiku mmoja.

Si sisi peke yetu tuliokula ndani ya mchezo wa namna hiyo. Huko Marekani kuna Chuck E. Cheese, iliyofungua mkahawa wake wa kwanza San Jose, California, mwaka 1977. Panya wa mitambo aliimba jukwaani huku watoto wakila pizza, na leo watu wazima wenye watoto wao wanamlilia panya huyo. Karibu nasi, Nairobi, serikali ya Kenya ilianzisha Bomas of Kenya mwaka 1971, mahali palipojengwa vijiji vya mfano vya makabila ya nchi. Mwaka 1980 mji huo huo ukapata Carnivore, mkahawa ambako nyama huchomwa mbele ya macho ya mlaji na kuletwa mezani ikiwa imechomekwa kwenye upanga. Payote zetu, basi, zina ndugu. Lakini panya wa San Jose alitungwa na kampuni, wala hakuwa na kwao alikofukuzwa. Kijiji chetu cha mchezo kilikuwa na wenyewe, na wenyewe wapo hai.

Tuanze na neno lenyewe. "Payote" ni Kifaransa, paillote, na Kifaransa kililipata kwa Wareno, waliosema palhota kwa maana ya kibanda cha majani. Mzizi wake ni palha, majani makavu tu. Lilikuwa neno la mgeni anayeitazama nyumba ya mwenyeji kutoka nje. Likapita makoloni mengi kabla ya kutua Bunia juu ya lango la mkahawa. Sasa sikilizeni jinsi tunavyolitumia. Nyumba hiyo hiyo, ikiwa kijijini Djugu au Irumu na ndani mwake mna mtu amelala, hatuiiti payote. Tunaiita nyumba ya majani. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba mkimbizi amechomewa payote yake. Wala sijamsikia mtu akisema kwamba Jumapili familia yake ilikwenda kula katika nyumba ya majani. Paa ni lile lile na majani ni yale yale, ila neno moja linakuja na orodha ya vyakula na bei zake, na lingine linakuja na habari za umaskini na vita. Somo zima la semantiki limo humo, na hatukuhitaji kwenda mbali kulitafuta.

Tujiulize pia tulikuwa tunacheza kijiji katika miaka gani. Rika langu lilizaliwa karibu na mwaka 2000. Vita vya Ituri vilikuwa vimeanza mwaka 1999. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, mji uliangukia mikononi mwa wanamgambo, na damu ilimwagika hata Nyakasanza. Juni mwaka huo kikaja kikosi cha Ulaya kilichoitwa Artemis, kisha MONUC ikaongezewa nguvu. Utulivu uliofuata ndio uliozizaa payote tunazozikumbuka. Mji ulikuwa na mishahara ya mashirika, ulikuwa na dola, na ulikuwa na watu wengi waliokimbia vijiji vyao na kubaki navyo kichwani tu. Mtu asiyeweza kurudi kwao alilipia saa mbili chini ya paa lililofanana na la kwao. Simlaumu. Baba aliyeketi pale kimya akitazama majani yaliyofumwa juu ya kichwa chake huenda alikuwa anakula chakula tofauti na changu mimi mtoto, ingawa sahani ilikuwa moja.

Wala utoto huo haukuwa wa kila mtoto. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ya tarehe 14 Machi 2012 dhidi ya Thomas Lubanga, ilihusu watoto wa Ituri waliokuwa chini ya miaka 15, walioandikishwa na kutumiwa vitani mwaka 2002 na 2003. Hao ni kaka na dada zetu, waliotuzidi miaka kumi na kidogo. Sisi tulicheza mwindaji kwa upinde wa kutundika. Wao walipewa bunduki za kweli. Hata okapi wa ukutani ana habari yake. Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia kituo cha Epulu, katika Hifadhi ya Okapi, wakawaua okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Okapi wa rangi wakabaki wanatabasamu kwenye kuta za Bunia.

Kuna wanaosema payote ziliuawa na usasa: simu, pizza, mpira wa Ulaya. Mimi sikubali. Orodha ya vyakula ya payote ilikuwa ramani ya Ituri. Samaki alitoka Ziwa Albert, kwa njia ya Tchomia na Kasenyi. Maharagi na viazi vilishuka kutoka nyanda za juu za Djugu. Makemba yalikuja kwa barabara ya Komanda, kutoka upande wa msitu wa Mambasa. Majani ya paa nayo yalitoka huko huko mashambani, maana majani huoza na lazima yabadilishwe kila baada ya miaka kadhaa. Barabara moja ikifungwa, mama wa jikoni alijua kabla ya redio. Baba anauliza, "Samaki iko?" Naye anajibu, "Leo hakuna, papa. Njia haiko muzuri." Tangu machafuko yaanze upya Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, jibu hilo limekuwa la kawaida katika kila jiko la mji. Mkahawa unaojifanya kijiji hauwezi kuishi kijiji chenyewe kikiungua. Unakosa samaki, unakosa majani, na mwisho unakosa familia zinazothubutu kutoka jioni.

Najua pingamizi mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni ya wale watakaosema: watu wanalala chini ya shitingi, na wewe unaandika habari za mikahawa? Ndiyo, naandika, kwa sababu mikahawa hiyo ilikuwa mahali ambapo mji ulijieleza wenyewe jinsi unavyokiona kijiji, na maelezo hayo bado tunayo vinywani. Ya pili ni ya rafiki zangu watakaoniomba niwaachie furaha yao ya utotoni bila kuitia siasa. Furaha yenu sijaigusa. Ilikuwa ya kweli, na kuna jambo moja ndani yake ambalo ningependa tulishike kwa nguvu zaidi.

Jambo hilo ni lile swali la "Samaki iko?" Mwalimu yeyote wa sarufi sanifu angelitia wino mwekundu na kuandika "Samaki yupo?" pembeni. Lakini angalieni nani waliketi kwenye meza zile. Kihema na Kibira ni lugha za Kibantu. Kilendu, Kilugbara na Kindo ni za Sudani ya Kati. Kialur ni cha Kiniloti. Familia tatu za lugha zisizoelewana hata kidogo ziliagiza chakula kwa Kiswahili kimoja kisichomuuliza mtu jina la ukoo wake. Katika mji ambao Mei 2003 lafudhi ya mtu ingeweza kumponza, Kiswahili cha mezani hakikuwa jambo dogo. Hicho ndicho ninachokililia mimi kuliko majani na vibuyu.

Sasa tufanye nini? Nasikia kuna wanaotamani payote mpya zijengwe, nzuri kuliko za zamani, zenye vijiji vya mfano. Zijengwe. Lakini kitivo cha lugha kina kazi inayotangulia, na haihitaji mtaji. Nyumba ya majani ina msamiati wake. Kiswahili cha pwani kina maneno ya nyumba yake ya makuti: fito, kombamoyo, mtambaapanya. Maneno hayo tunayasoma kamusini na kuyakariri kwa mtihani. Nyumba ya duara ya Ituri nayo ina maneno yake: ya aina za majani, ya kamba za magome, ya kile kilele kinachofungwa mwisho, ya kazi ya anayepanda juu na ya anayemrushia majani kutoka chini. Hayo hayamo katika kamusi yoyote tunayofundishwa. Sisi watoto wa payote tulilijua umbo la nyumba bila majina ya viungo vyake. Wanaoyajua majina ni wazee, na wengi wao leo hawana hata paa la majani. Wako katika kambi ya Kigonze, hapa hapa Bunia, na katika kambi nyingine za mkoa, chini ya plastiki. Mtoto anayezaliwa kambini hatamwona babu yake akiezeka. Basi hata neno hatalisikia, maana neno la kazi hufundishwa wakati wa kazi.

Kazi hiyo ina faida nyingine ambayo wanaisimu wanaijua ila mji unaisahau. Wahema wa kaskazini, wale wanaoitwa Wagegere, lugha yao ya nyumbani ni Kilendu. Maana yake ni kwamba watu wa pande mbili zilizouana wanaita sehemu za nyumba kwa lugha moja. Tukiyakusanya maneno ya paa kutoka kwa wazee wa pande zote mbili na kuyaweka katika jedwali moja, jedwali hilo litasema jambo ambalo hotuba nyingi za amani zimeshindwa kulisema, na litalisema bila kumhubiria mtu.

Ninapendekeza mambo matatu kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Kwanza, kazi za kuhitimu za mwaka ujao zitenge nafasi kwa msamiati wa nyumba na wa jiko katika lugha za Ituri, neno kwa neno, pamoja na jina la kijiji lilikotoka. Pili, wanaofanya isimujamii waende kwa mama waliopika katika payote na kuandika Kiswahili chao kama walivyokisema, "iko" zake zote zikiwemo, na wawalipe kwa muda wao kama tunavyomlipa mtaalamu yeyote. Tatu, atakayefungua payote mpya na kutujia kutafuta jina la mkahawa, tumpe jina, lakini tumwombe naye amwajiri mwezekaji kutoka kambini, na amruhusu aje na mjukuu wake siku ya kuezeka.

Mazungumzo ya payote yataendelea, na ni vizuri yaendelee. Mwenzako atakapokutajia tena ile ya Nyakasanza, mkumbushe sombe, mkumbushe sukre na mamba-muntu, mcheke pamoja. Kisha mwulize paa lile lilifumwa na nani, alitoka kijiji gani, na kile kilele cha juu aliita nini kwa lugha ya mama yake. Asipojua, mnajua pa kwenda kuuliza. Kigonze si mbali.