Mchumba Akiwa Mchumi, Umpe Kitabu Gani?

Kuna watu ni wagumu kuwapa zawadi, na wachumi ndio wanaongoza foleni. Naongea kwa uzoefu, maana mimi nimeolewa na mmoja. Ukimpa shati, anauliza bei. Ukimtajia bei, anakuambia Kariakoo angelipata kwa nusu!

Na wana hoja zao, jamani. Mwaka 1993 mchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, aliandika makala kuhusu hasara ya zawadi za Krismasi. Aliwauliza wanafunzi wake zawadi walizopewa wao wenyewe wangekubali kuzilipia kiasi gani. Jibu likawa kwamba kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani inapotea hivi hivi, kwa sababu mtoaji hajui mpokeaji anapenda nini. Bora hela taslimu, siyo? Subiri kwanza. Alikuta pia kwamba zawadi za wapenzi na marafiki hazipotezi thamani kama za ndugu wa mbali. Kwa hiyo ubaya hauko kwenye zawadi, uko kwenye kutomjua mtu.

Sasa tuje kwenye kitabu. Usikimbilie kile cha Adam Smith cha mwaka 1776. Ama anacho, ama anajifanya alishakisoma. Freakonomics ya mwaka 2005 nayo iache, huenda anayo nakala aliyoazima na hajairudisha kwa mwenyewe.

Muangalie kwanza yeye ni mchumi wa mambo gani. Kama kazi yake ni umaskini na maendeleo, mpe Poor Economics ya Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ya mwaka 2011. Hao ni mume na mke, na mwaka 2019 walipata Nobel ya uchumi pamoja na Michael Kremer. Kama anapenda kubishana kwa nini watu wenye akili zao wanaamua mambo ovyo, mpe Thinking, Fast and Slow ya Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Nobel hiyo hiyo mwaka 2002.

Lakini kama unataka zawadi iguse moyo, mpe riwaya. Mume wangu nilimpa Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994. Ukitaka ya Kiswahili, inaitwa Peponi. Yusuf, kijana mdogo, anachukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu baba yake ana deni lake. Riba, dhamana, biashara ya msafara, vyote vimo, ila safari hii deni lina sura ya mtoto.

Alikisoma siku tatu. Usiku wa tatu akazima taa, kisha akaniambia gizani kwamba alipokuwa darasa la sita alipelekwa kuishi kwa mtu aliyekuwa anamdai baba yake, akauza dukani mwaka mzima. Tulikuwa na miaka mitano ya ndoa. Nilikuwa nadhani kubana matumizi ni tabia ya kazi yake tu. Tangu hapo akiuliza bei, sinuni tena.

Kwa hiyo shosti, na wewe kaka, kabla hujaingia duka la vitabu, jiulize mwenzako anaogopa nini kuhusu pesa. Kitabu kitajichagua chenyewe. Andika neno ukurasa wa kwanza, na stika ya bei ibandue!

Tukutane mwezi ujao.