Mikono safi kwa furaha, siyo kwa woga



Wiki hii tuseme juu ya kunawa mikono. Najua mama mmoja atajibu: "Mwalimu, hilo tunalijua." Ni kweli. Nani katika Ituri asiyelijua? Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika mpaka kwetu Ituri, ndoo za maji ziliwekwa milangoni: kanisani, sokoni, shuleni, hata kwenye vizuizi vya barabara. Watu zaidi ya 2200 walikufa mbele ugonjwa ule haujatangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020. Tulinawa sana, maana tuliogopa sana.

Sasa angalia mlango wako leo. Ndoo iko wapi? Kwa nyumba nyingi ilirudi kwenye kazi ya kufua. Hatukusahau namna ya kunawa. Woga uliisha, na desturi iliyosimama juu ya woga ikaanguka pamoja nao.

Lakini hatari ingali hapa. Kuhara ni moja ya magonjwa yanayoua watoto wengi chini ya miaka 5 duniani. Na sisi tunakula bugali na sombe kwenye sahani moja. Mkono mmoja uliotoka chooni bila sabuni unatosha kwa watoto wote waliozunguka sahani ile.

Shida ni hii: faida ya kunawa haionekani. Mtoto ambaye hakuugua, nani anamwona? Mtoto hawezi kufanya kazi kila siku kwa ajili ya faida asiyoiona. Anarudia kile kinachomfurahisha sasa hivi. Sisi watu wazima pia tuko hivyo.

Watafiti walijaribu jambo hili katika kambi ya watu waliokimbia vita nchini Iraki, na habari yake ilitolewa mwaka 2019. Nyumba zingine zilipewa sabuni ya kawaida pamoja na mafundisho ya afya. Nyumba zingine zilipewa mchezo, na sabuni inayopenya macho kama kioo, yenye kichezeo katikati. Ili kukifikia kile kichezeo, mtoto lazima anawe mpaka sabuni iishe. Baada ya wiki 4, watoto wa sabuni ya kichezeo walikuwa wakinawa mara 4 kuliko wale wengine.

Sabuni ile hatuna hapa Boga, lakini mchezo tunao. Jaribuni haya:

Kwanza, tundika bido ya lita 5 karibu na choo, itobolewe tundu dogo, ifungwe kamba na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Watoto wanapenda kukanyaga na kuona maji yakitoka. Kipande cha sabuni kikatwe kidogo, kitiwe ndani ya wavu au soksi ya zamani, kifungwe pale pale. Hivi hakipotei wala hakianguki katika udongo.

Pili, chagueni wimbo mfupi ambao watoto wanaupenda. Mikono isuguliwe, kati ya vidole na chini ya kucha, mpaka wimbo uishe. Sekunde 20 ni kidogo, lakini bila wimbo mtoto anaona ni ndefu.

Tatu, kila siku mtoto mmoja awe mkubwa wa maji. Yeye anajaza bido, anaita wengine, ananusa vidole vyao mbele ya chakula. Mkono unaonuka sabuni unapita. Usionuka unarudi kunawa, bila matusi na bila fimbo. Mkubwa wa maji anusishe na mikono ya baba na ya mama. Hapo ndipo watacheka sana, na ndipo watajua kama sheria ni ya wote.

Angalieni jambo moja: msilipe kunawa kwa pipi. Siku pipi itakosekana, kunawa nako kutakoma. Furaha iwe ndani ya kazi yenyewe: wimbo, zamu, kicheko, na neno la sifa kutoka kwako.

Msianze na nyakati zote kwa mara moja. Wiki hii chagueni moja tu, mbele ya chakula cha jioni. Ikizoeleka, ongezeni kutoka chooni, kisha baada ya kusafisha mtoto mchanga, kisha mbele ya kupika na mbele ya kulisha mtoto.

Siku ya mkutano wa kikundi, kila mama atueleze kitu kilichowachekesha watoto wake kwenye maji. Tutachukua kile kizuri na kukipeleka katika nyumba zingine.

Mwalimu wenu