Ukaguzi wa NHC na kibali kilichokwama

KWA mkazi wa Moshono anayejenga chumba kimoja kila anapopata fedha, ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huonekana kuwa jambo la Dodoma. Sivyo.

Ikumbukwe kuwa Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962 na kukabidhiwa majengo ya Msajili wa Majumba mwaka 1990, huendesha miradi yake zaidi kwa kodi za wapangaji, mauzo ya nyumba na mikopo ya benki. Mikopo hiyo huhitaji ridhaa ya Serikali. Kibali kilipokwama, Morocco Square na Kawe 711 jijini Dar es Salaam zilisimama kwa miaka kadhaa, maghorofa yakiwa hayajakamilika huku deni likiendelea kuzaa riba.

Hapo ndipo kazi ya CAG, iliyowekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, inapokuwa na uzito. Mkaguzi huuliza kama mkataba ulitiwa saini kabla fedha hazijapatikana, na nani anabeba gharama za ucheleweshaji. Hulazimiki kuwa mhasibu kujua jibu: shirika lisilopata ruzuku hutafuta fidia katika bei ya nyumba na katika kodi.

Safari City, mji mpya wa NHC huko Mateves, uko upande wa pili wa Arusha. Mwalimu wa Moshono anayetaka nyumba kule hulipia, pamoja na saruji na mabati, sehemu ya riba ya Kawe.